Kuzalia Sakafuni Bungoma: Kisa Ambacho Fomu ya Kuridhika Isingekinasa

Agosti 2013, mama mmoja mwenye mimba iliyotimia aliingia Hospitali ya Wilaya ya Bungoma, magharibi mwa Kenya, ili ajifungue. Alipopimwa aliambiwa uchungu wake itabidi uanzishwe kwa dawa. Dawa yenyewe akaambiwa akainunue, na pamba pia. Alinunua. Wadini alilazwa kitanda kimoja na mwanamke mwingine, akapewa dawa, kisha akaelekezwa kwamba uchungu ukikolea atembee mwenyewe hadi chumba cha kujifungulia.

Tarehe 8 uchungu ulikolea. Aliita, hakuna aliyekuja. Akajikokota hadi chumba kile na kukuta vitanda vyote vina watu, akageuka arudi wadini. Hakufika. Alianguka njiani na kupoteza fahamu, na alipozinduka mtoto alikuwa amekwisha zaliwa, yeye mwenyewe yuko sakafuni, na wauguzi wawili wamesimama juu yake wakimfokea na kumzaba makofi kwa kuzalia chini na kuchafua sakafu. Wakamwamuru abebe kondo lake la nyuma na arudi kwa miguu yake chumba cha kujifungulia. Kulikuwa na mtu aliyerekodi tukio hilo kwa video. Ikarushwa kwenye televisheni, nchi nzima ikaona.

Mama huyo alikwenda kortini. Shauri lake, Petisheni Na. 5 ya 2014 katika Mahakama Kuu ya Bungoma, lilimshtaki Mwanasheria Mkuu na wengine sita, wakiwemo viongozi wa afya wa taifa na wa kaunti. Hukumu ilitolewa na Jaji Abida Ali-Aroni tarehe 22 Machi 2018, na mama akashinda. Hukumu iliyochapishwa inamtaja kwa herufi za mwanzo za jina lake tu, nami naishia hapo hapo.

Kisa hiki kimeshaandikwa sana kama kisa cha haki za binadamu, na ndivyo kilivyo. Mimi nataka kukisoma kwa swali la karibu zaidi na wadi: mwanamke aliyejifungulia hospitalini ameridhika au hajaridhika, na sisi tunajuaje? Hospitali nyingi zinajua kwa kuuliza siku mama anaporuhusiwa kurudi nyumbani. Naamini kwamba namna hiyo ya kuuliza ingempita mama wa Bungoma bila kumwona, kama isingekuwa ile video.

Bure iliyokuja bila vitanda

Miezi miwili tu kabla, tarehe 1 Juni 2013, Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ametangaza kwamba kujifungua katika hospitali za serikali ni bure. Sababu ilikuwa nzito. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2008-09 ulikadiria vifo 488 vya uzazi kwa kila vizazi hai 100,000, na ni asilimia 43 tu ya watoto waliokuwa wakizaliwa kwenye vituo vya afya. Ada ilikuwa ukuta. Wanawake walikuwa wakizalia nyumbani kwa kukosa pesa, na waliokwenda hospitalini wakashindwa kulipa walizuiliwa wadini pamoja na watoto wao wachanga. Wawili waliozuiliwa katika hospitali ya uzazi ya Pumwani, Nairobi, walishinda kesi mbele ya Jaji Mumbi Ngugi mnamo Septemba 2015, akawapa fidia ya shilingi milioni 1.5 na shilingi 500,000.

Kwa hiyo kuondoa ada kulikuwa uamuzi wa haki, na siwezi kuupinga hata kidogo. Tatizo ni kwamba ada huondolewa kwa tangazo la siku moja, lakini mkunga huchukua miaka kusomeshwa, na kitanda cha kuzalia hakinunuliwi kwa hotuba. Serikali iliahidi kuzirudishia hospitali pesa kwa kila mama aliyejifungua, nazo zilipaswa kusubiri zilipwe. Wakati huo huo majukumu ya afya yalikuwa yanahama kutoka Nairobi kwenda kaunti chini ya katiba mpya, na wengi hawakujua nani sasa anaagiza dawa na nani anaajiri muuguzi. Wanawake waliitikia mwito. Wadi zikabaki zile zile.

Hapo ndipo mama wa Bungoma alipoingia. Ukiambiwa huduma ni bure kisha ukatumwa duka la dawa ukanunue dawa ya uchungu na pamba, umeshajua kabla hujalala kitandani kwamba hapa utajitegemea. Hilo peke yake linatosha kupunguza imani. Mwanamke asiyemwamini anayemhudumia haulizi maswali na hasemi anapoona dalili mbaya. Akihisi mtoto anasukuma, anasita kuita mara ya pili.

Na tusisahau kitanda. Wanawake wawili wenye uchungu kwenye godoro moja la futi tatu hawawezi kugeuka, hawawezi kupimwa kwa stara, na kila anachoambiwa mmoja mwenzake anakisikia. Wengi wetu tumezoea picha hiyo kiasi cha kuiona kawaida, na mazoea hayo yanaharibu vipimo vyote vya kuridhika, kama nitakavyoeleza.

Kofi na mkono uliokosekana

Wanaotetea hospitali husema: wauguzi ni wachache, wamechoka, usiwalaumu. Wanaoshambulia husema: wauguzi ni wakatili, wafukuzwe. Nimesikia kauli zote mbili kila kisa kama hiki kinapotokea, na kila moja inaacha nusu ya jambo nje.

Tuanze na tiba yenyewe. Mwanamke aliyeanzishiwa uchungu kwa dawa anahitaji kuangaliwa kwa karibu kuliko yule ambaye uchungu wake umekuja wenyewe. Dawa inaweza kuufanya mfuko wa uzazi ubane kwa nguvu na kwa kufuatana mno, mtoto akakosa hewa ya kutosha. Ndiyo maana kuna kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto na kuhesabu mikazo ya tumbo. Kumwachia mama mwenyewe aamue muda umefika, kisha atembee, ni kumpa dawa yenye nguvu na kumgeuzia mgongo.

Kisha akaanguka na kuzimia. Mwanamke aliyetoka kuzaa na kupoteza fahamu ni dharura mpaka ithibitike vinginevyo. Kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua ndiko kunakoongoza kwa kuua wazazi duniani, na kunaweza kuua kwa muda mfupi sana. Muuguzi aliyemkuta pale alipaswa kupima presha, kuangalia damu, kushika tumbo ahisi kama mfuko wa uzazi umekaza, kumchoma sindano ya kuzuia damu, kumkausha mtoto na kumweka kifuani mwa mama yake. Kazi zote hizo huanza kwa mkono kumgusa mgonjwa. Mkono ulimgusa kweli, ukiwa kofi. Halafu akaamriwa atembee, na kila hatua ilikuwa hatari ambayo hakuna aliyekuwa amekadiria.

Ndiyo maana siwaelewi wanaotenganisha utaalamu na heshima, kana kwamba tiba ni chakula na lugha nzuri ni kachumbari pembeni. Katika kisa hiki kilichomdhalilisha mama ndicho kilichomweka karibu na kifo. Walioshughulika na sakafu kuchafuka hawakushughulika na damu iliyoichafua ilikuwa kiasi gani.

Sasa uchache wa wauguzi. Ni kweli, na unaeleza mengi: kwa nini hakuna aliyeitika, kwa nini chumba kilijaa, kwa nini aliambiwa atembee mwenyewe. Hauelezi makofi. Kumpiga mtu hakuhitaji upungufu wa watumishi, kunahitaji kuamini kwamba aliye chini hana wa kumsemea. Imani hiyo ina mizizi mirefu katika wadi zetu za wazazi. Karibu kila mwanamke aliyezaa katika hospitali ya umma ameisikia ile kauli, "Ulipokuwa unaitafuta hiyo mimba ulilia hivi?" Kijana aliyetoka chuo cha uuguzi anaisikia kwa wakubwa wake wiki ya kwanza, anaona wadi inatulia, na anaamini ni mbinu ya kazi. Akina mama wazima nao humwonya msichana anayekwenda kuzaa mara ya kwanza asipige kelele, asije akaudhi manesi. Ukali unarithiwa pande zote mbili za kitanda.

Kwa hiyo kuwafukuza wawili wale kusingebadilisha wadi. Zamu inayofuata ingeingia na vitanda vile vile na kauli zile zile.

Kwa nini fomu isingekinasa

Turudi kwenye kupima. Chukulia hakuna video. Mama ameruhusiwa, mtoto ni mzima, mlangoni anakutana na karani mwenye fomu: umeridhika na huduma? Atajibu nini?

Kuna ushahidi mzuri kutoka Tanga, Tanzania. Watafiti waliwahoji wanawake waliojifungua katika vituo vinane vya wilaya za Korogwe na Muheza, na matokeo yakachapishwa 2014. Wanawake 1,779 waliulizwa wakati wa kutoka kituoni kama kuna aina yoyote ya unyanyasaji waliyotendewa: kufokewa, kupigwa, kuachwa peke yao, kuvunjiwa faragha na mengineyo. Takriban asilimia 19 walisema ndiyo. Baadhi yao walifuatwa nyumbani wiki tano hadi kumi baadaye na kuulizwa tena. Safari hii waliosema ndiyo walikuwa asilimia 28.

Uzazi ulikuwa ule ule. Kilichobadilika ni mahali mama alipokaa anapoulizwa, na kwamba alikuwa amepata muda. Siku ya kutoka, mwanamke yupo bado ndani ya uzio wa watu ambao huenda akawahitaji tena mtoto akipata homa usiku. Ana furaha ya kweli, na hofu iliyopita imemwachia shukrani kubwa kiasi kwamba kulalamika kunaonekana kama kumkufuru Mungu. Ndugu waliokuja kumchukua wanauliza, "Mama salama? Mtoto salama?" na jibu likishakuwa ndiyo, hakuna swali lingine. Ni baadaye, usiku anaponyonyesha na nyumba imelala, ndipo mambo yanapojipanga kichwani: kwamba aliita na hakujibiwa, kwamba alivuliwa nguo mbele za watu, kwamba alichanwa njia ya uzazi bila kuambiwa.

Kenya nako, utafiti uliofanyika katika vituo 13 na kuchapishwa 2015 ulikuta mwanamke mmoja kati ya watano akieleza kutendewa vibaya kwa namna moja au nyingine, wakati wa kutoka tu. Ukizingatia ya Tanga, nauchukulia huo kuwa kiwango cha chini.

Kuna kizuizi kingine ambacho kwangu ni kizito kuliko woga. Mtu huridhika kwa kulinganisha na alichotarajia. Mwanamke aliyeambiwa na dada zake kwamba wadi ni mahali pa kutukanwa, akalazwa wawili kitandani lakini hakutukanwa, atasema alihudumiwa vizuri, na atamaanisha. Alama yake itaingia kwenye ripoti kama ya mwanamke aliyeridhika, mkurugenzi ataisoma, na kitanda cha pili hakitanunuliwa. Hospitali mbaya inayojulikana kuwa mbaya inaweza kupata alama nzuri kwa njia hiyo, na wanawake maskini zaidi, waliofundishwa kutarajia kidogo zaidi, ndio watakaoonekana wameridhika kuliko wote.

Kwa hiyo swali la "umeridhika?" peke yake silitegemei. Maswali yanayofaa yanauliza kilichotokea. Ulipoita, mtu alikuja? Ulilala kitanda chako mwenyewe? Kabla ya kupimwa njia ya uzazi, uliombwa ruhusa? Kuna mtu aliyekupiga au kukutukana? Ulitumwa kununua kitu? Mama wa Bungoma angeweza kuyajibu yote, hata kama alikuwa amezoea taabu kiasi gani, kwa sababu hayamwombi apime moyo wake. Yanamwomba akumbuke.

Korti ilichokifanya

Jaji aliona kwamba haki za mama huyo chini ya Katiba ya 2010 zilivunjwa: haki ya utu katika kifungu cha 28, haki ya kutotendewa kikatili na kwa kudhalilishwa katika kifungu cha 29, na haki ya afya, ikiwemo ya uzazi, katika kifungu cha 43. Aliamuru alipwe fidia ya shilingi milioni 2.5 na aombwe radhi rasmi.

Lakini sehemu ninayoithamini zaidi ni pale korti ilipokataa kuishia kwa wauguzi wawili. Ilizikuta serikali ya taifa na ya kaunti zina lawama kwa kutotenga rasilimali za kutosha na kwa kutosimamia viwango vya ile huduma ya bure zilizoitangaza. Maana yake ni kubwa kwa kila anayeandaa bajeti ya afya. Tangu hapo, uhaba wa vitanda wadini hauwezi tena kuletwa mahakamani kama kisingizio cha kumwachia mama azalie kwenye korido. Uhaba wenyewe ni sehemu ya kosa.

Pamoja na hayo, nina uchungu na njia iliyomfikisha kwenye haki hiyo. Ilipita zaidi ya miaka minne na nusu tangu tukio hadi hukumu. Ushahidi uliowafanya watu wamwamini ulikuwa picha za mwili wake akiwa hajiwezi, zilizooneshwa kwa watu asiowajua. Mwanamke aliyevunjiwa stara wadini ilibidi stara yake ivunjwe tena hadharani ndipo asikike. Wangapi walizalia chini mwaka ule katika hospitali nyingine, pasipokuwa na simu ya kurekodi? Hao hawakufungua petisheni.

Kinachowezekana bila kusubiri korti

Wapo wanaosema heshima itakuja nchi zetu zikitajirika. Ushahidi wa Korogwe unawapinga. Baada ya utafiti nilioutaja, jamii na watumishi wa afya waliketi pamoja, wakakubaliana nini mama anastahili na nini muuguzi anahitaji ili aweze kukitoa, kisha hospitali ikaanza kubadilisha mambo yake yenyewe: mapazia wakati wa kupima na kuzalisha, sehemu ya kupokelea akina mama ikahamishiwa mahali penye faragha, wafanyakazi waliowatendea wanawake vibaya wakaitwa na kuzungumza nao. Mradi huo uliitwa Staha. Matokeo yaliyochapishwa 2017 yalionesha kuwa uwezekano wa mwanamke kueleza kwamba alinyanyaswa ulishuka kwa asilimia 66, ukilinganishwa na eneo ambalo halikupata mpango huo. Mapazia hayagharimu kiasi cha kuishinda kaunti yoyote.

Jingine ni msindikizaji. Shirika la Afya Duniani, katika mapendekezo yake ya 2018 kuhusu huduma wakati wa uchungu, linataka kila mwanamke aruhusiwe kuwa na mtu aliyemchagua mwenyewe. Hospitali nyingi hukataa kwa hoja kwamba wadi ni ndogo na wanawake wengine watakosa faragha. Hoja hiyo ina ukweli, na tena ndiyo inayorudisha suala kwenye mapazia. Lakini fikiria siku ile Bungoma kama mama yake, au shangazi, au jirani aliyezaa mara nne angekuwa kando yake. Wauguzi wasipoitika, mtu yule angekwenda kuwatafuta. Chumba kikijaa, asingemwacha arudi peke yake. Akianguka, kuna mikono ya kumdaka. Na ni vigumu kumzaba kofi mwanamke mbele ya mama yake mzazi.

Mwaka 2022 asilimia 82 ya watoto nchini Kenya walizaliwa kwenye vituo vya afya, karibu maradufu ya 2008-09. Wanawake wametimiza walichoombwa. Wamekuja.

Kwa kaunti inayotaka kweli kujua wanavyopokelewa, njia ipo tayari wala haihitaji jengo jipya. Mtoto akifikisha wiki sita analetwa kliniki kuchanjwa. Mama yumo kwenye foleni, amepona kiasi, amelala na kumbukumbu zake nyumbani kwake, na umbali na zile siku za wadi umetosha kumtoa woga. Aulizwe hapo, faraghani, kuhusu kilichotokea. Anayeuliza asiwe mtumishi wa wadi aliyozalia, na aweze kuzungumza lugha ya mama huyo, iwe Kibukusu, Kisabaoti au Kiswahili. Majibu yapelekwe kwa mkuu wa hospitali na kwa waziri wa afya wa kaunti kwa pamoja, kila mwezi, yakiwa na idadi ya walioita wasiitikiwe, idadi ya waliolala wawili wawili, na idadi ya waliotumwa kununua pamba.